Tramu Isiyo na Konda: Kutoka Montgomery hadi Tervuren

Tramu ni gari la abiria liendalo kwa umeme juu ya reli zilizolazwa katika barabara za mji, mara nyingi ubavuni mwa magari na waenda kwa miguu, na kwa msafiri atokaye Bukirasazi, kusini mwa Gitega, ugumu wake hauko katika chuma wala umeme bali katika kukosekana kwa konda. Katika gari dogo la abiria liendalo Gitega, konda hutangaza mwisho wa safari, hupokea nauli na hupiga bodi kwa kiganja ili dereva asimame, na asiyejua njia humuuliza yeye akajibiwa papo hapo kwa Kirundi au Kiswahili. Mjini Brussels, ambako Warundi wamekuwa wakienda kusoma na kuishi tangu enzi za utawala wa Wabelgiji uliokoma mwaka 1962, kazi hizo zimegawanywa na kukabidhiwa vitu visivyosema: namba, kibao, mashine na kitufe. Anayetambua ni kitu gani kimeshika kazi gani ya konda hapotei kirahisi.

Njia namba 44, itokayo Montgomery hadi Tervuren, yafaa kuwa mfano kwa sababu Mrundi ana haja ya kufika mwisho wake, palipo na Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, ambayo yanahifadhi vitu vilivyotoka Kongo, Rwanda na Burundi. Kutoka stesheni ya Gare Centrale, msafiri hupanda metro, yaani treni ya chini ya ardhi, namba 1, na hapo hukutana na kanuni inayotawala mfumo wote: namba hutaja njia, lakini upande hutajwa na jina la kituo cha mwisho. Kibao huandika Stockel, mahali ambapo yeye hana shughuli napo, ilhali kituo chake, Montgomery, ni cha sita tu. Konda wa Gitega angemtajia vituo vya katikati alivyoulizwa. Kibao hutaja mwisho na kunyamaza, hivyo mgeni hulazimika kujua jina la mahali asikokwenda ili afike aendako. Montgomery nako kuna mtego wake, kwani tramu ya 44 huanzia chini ya ardhi, katika kitanzi cha reli kinachoiwezesha kugeuka bila kurudi kinyumenyume, na anayekimbilia juu barabarani kuitafuta huwa ameiacha miguuni pake.

Majina yenyewe yanahitaji uangalifu, kwa kuwa Brussels ni mji wa lugha mbili na kila kibao kina Kifaransa na Kiholanzi. Kifaransa cha shuleni humsaidia Mrundi, ila tafsiri hizo hazifanani kwa sauti hata kidogo: Gare du Midi ndiyo Zuidstation, kila moja kwa lugha yake ikimaanisha stesheni ya kusini, na Arts-Loi, yaani Sanaa na Sheria, huwa Kunst-Wet. Tervuren iko nje ya mipaka ya mji, katika eneo la Flanders, ambako vibao hubaki na Kiholanzi peke yake.

Nauli hulipwa kwa kugusisha kadi ya benki kwenye mashine iliyo ndani ya tramu, kadi moja kwa mtu mmoja, na kugusisha huko hurudiwa kila abiria anapobadili gari, hata kama muda wa saa 1 wa tiketi yake haujaisha. Mfumo ndio unaotambua kwamba safari ni ileile. Wageni wengi hudhani kurudia ni kulipa mara mbili, wakaacha, na hapo ndipo anapotokea mkaguzi, ambaye ni sawa na konda aliyekuja bila maelekezo, akiwa na faini tu. Mlango nao haufunguki wenyewe katika kila kituo: aliye nje na aliye ndani wote hubonyeza kitufe, na anayesubiri kwa adabu huiona tramu ikiondoka. Barabarani kuna hatari kubwa zaidi, kwani sheria ya Ubelgiji huipa tramu haki ya kupita kabla ya mwenda kwa miguu hata kwenye kivuko chenye mistari myeupe, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huchelewa kusimama. Kengele ikilia, ni mtu anayesimama.

Kutoka Montgomery tramu hufuata barabara pana ya Tervuren, iliyofunguliwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897, kisha huingia katika msitu wa Soignes, ambako kwa dakika kadhaa abiria haoni dirishani ila vigogo vya miti na reli ya upande wa pili. Njia hiyo ya reli iliwekwa ili wakazi wa Brussels waende kutazama sehemu ya Kongo ya maonyesho hayo, ambako Mfalme Leopold wa Pili alikuwa ameweka Wakongo 267 katika vijiji vya kuigiza. Saba kati yao walifia hapo na kuzikwa Tervuren. Jengo la sasa la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1910, na baada ya miaka mitano ya ukarabati lilifunguliwa upya Desemba 2018. Kituo cha mwisho kiko umbali mfupi wa kutembea kutoka mlangoni, na jioni, tramu ya kumrudisha Mrundi mjini huwa na namba ileile 44, ila kibao chake sasa kimeandikwa Montgomery.