Ruth hakuanzia Harvard

Wenzangu, wengi wetu tulishaona «On the Basis of Sex», ile filamu ya 2018 juu ya Ruth Bader Ginsburg. Katika promosheni yetu ya droit ilipita flashi kwa flashi, na kuna waliojifunza maneno ya ile kesi ya mwisho kama sala. Nimeiangalia mara tatu na ninaipenda. Lakini kila mara ninabaki na swali moja: avoka huyu ametoka wapi?

Filamu inaanza mwaka 1956. Wimbo wa Harvard unapigwa, vijana wengi wenye kostimu nyeusi wanatembea kuelekea darasani, na katikati yao mwanamke mmoja mwenye nguo ya bluu. Ni picha nzuri sana, sikatai. Mwaka ule waliingia wanawake 9 katika wanafunzi karibu 500. Kisha inakuja ile chakula ya jioni kwa doyen, pale anamuuliza kila mwanamke kwa nini amekaa kwenye nafasi ambayo mwanaume angekaa. Ukumbi wote wa watazamaji unakasirika. Njo vile filamu inataka: dhuluma ianze hapo, mlangoni mwa unif kubwa, na akili ya Ruth ianze hapo hapo.

Kumbe ilianza zamani. Ruth alizaliwa Brooklyn mwaka 1933. Baba yake alikuwa Myahudi aliyehamia toka Odessa, akifanya biashara ya makoti ya manyoya. Mama yake, Celia, aliingia kiwanda cha nguo akiwa bado kijana, ili mshahara wake umsaidie kaka yake kusoma Cornell. Kaka akasoma, dada akashona. Hakuna dada wa kwetu anayehitaji kuelezewa jambo hili mara ya pili. Celia alikufa mwaka 1950, siku moja kabla ya Ruth kumaliza sekondari.

Kisha Ruth akaolewa, mume wake Martin akapelekwa jeshini Oklahoma, na yeye akapata kazi katika ofisi ya serikali ya mambo ya pansheni. Alikuwa amepita mtihani wa daraja fulani. Aliposema ana mimba, wakamweka daraja la chini, na mshahara wa chini. Hakuna aliyemtukana wala kumpigia kelele. Karatasi moja tu ilibadilishwa. Kwangu mimi, hiyo ofisi ndogo ya Oklahoma ni muhimu kuliko chakula cha doyen, juu pale mtu anajifunza jinsi ubaguzi wa kazini unavyofanyika kweli: kimya kimya, na mkubwa anayetabasamu.

Filamu haituonyeshi hayo. Mbaya zaidi, inaruka toka 1959 mpaka 1970, kana kwamba miaka ile alikuwa analala. Katika miaka ile aliajiriwa Rutgers, mwaka 1963, akaambiwa mshahara wake utakuwa mdogo kwa sababu mume wake ana kazi nzuri. Baadaye yeye na wanawake wenzake wa pale walishtaki juu ya mishahara ile, wakashinda. Mwaka 1965 alibeba mimba ya pili akaificha ndani ya nguo pana za mama mkwe wake, juu kontra yake ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja na aliogopa isirudishwe. Profesa wa sheria anaficha mimba! Ni mwongozaji gani anatupa sehemu kama hiyo? Mwandishi wa filamu, Daniel Stiepleman, ni mpwa wa Ruth na Martin. Labda mtoto wa nyumba anaona aibu kumwonyesha shangazi yake akijificha. Ninaelewa. Lakini sheria ya kazi imejaa watu waliojificha.

Na kukata huku kunaharibu kesi yenyewe. Charles Moritz, mwanaume asiyeoa, alimlipa mtu wa kumtunza mama yake mzee ili yeye aende kazini. Sheria ya kodi ilimnyima punguzo ambalo mwanamke mwenye hali ile ile angelipata, kwa kuwa waliotunga sheria hawakufikiri kwamba mwanaume asiyewahi kuoa anaweza kutunza mtu. Katika filamu, Ruth anaona mara moja kwamba kesi hii ya mwanaume ni mlango wa kutetea wanawake, na sisi tunapiga makofi kwa akili yake. Mtu aliyeshushwa daraja juu ya mimba hahitaji muujiza kuona hivyo. Anajua tayari kwamba swali la nani atunze nyumbani na swali la nani alipwe kazini ni swali moja.

Najua kuna atakayenijibu: ndugu yangu, mateso hayafundishi droit. Ni kweli. Tunawajua watu walioteswa na wakubwa wao, wakawa wakubwa, wakatesa kuliko waliowatesa. Na kwa upande huu filamu iko sawa. Martin njo aliyeleta ile kesi, juu alikuwa avoka wa kodi na alisoma vitu ambavyo watu wa haki za binadamu hawakuwa wanafungua. Ruth naye alikuwa mtaalamu wa utaratibu wa mahakama, alikwenda hadi Sweden kuusoma. Bila kazi hiyo kavu ya vitabu, hasira ya Oklahoma ingebaki hasira. Mambo mawili yanahitajiana. Filamu imechagua moja, la vitabu, kwa sababu linapendeza ukutani pamoja na diploma.

Halafu kuna Pauli Murray. Kama hukumtambua katika filamu, si kosa lako: anaonekana kidogo tu nyumbani kwa Ruth, wakati wa mazoezi ya kesi. Alizaliwa Baltimore mwaka 1910, akafiwa na mama akiwa mdogo, akalelewa Durham na shangazi yake mwalimu. Mwaka 1938 Unif ya North Carolina ilimkataa kwa sababu ni mweusi. Mwaka 1940 alikamatwa Virginia juu ya kiti cha basi, miaka kumi na tano kabla ya Rosa Parks. Akazunguka na chama cha kutetea wafanyakazi akitafuta pesa za kumwokoa Odell Waller, mlimaji maskini aliyehukumiwa kifo. Waller aliuawa mwaka 1942. Wakati wa kazi ile njo aliingia Howard kusoma droit, akamaliza wa kwanza mwaka 1944, kisha Harvard ikamkataa kwa sababu ni mwanamke. Mwaka 1960 alikwenda kufundisha sheria Ghana. Mnaona njia? Basi, chama, mfungwa, ndipo kitabu. Kuna filamu yake, «My Name Is Pauli Murray», ya 2021. Ni ya mahojiano na picha za zamani, haina muziki wa ushindi, na inachosha kidogo katikati. Lakini inajibu lile swali langu.

Ninaandika haya juu ya CV zetu pia. Hapa Congo, aliyemaliza droit anafanya stazhi ya miaka miwili barro kabla ya kuwa avoka kamili, na wengi hawapati kitu cha kueleweka mwisho wa mwezi. Wanafundisha sekondari, wanauza unités, wanapakia mizigo Jumamosi. Kwenye CV hakuna alama yake. Wakati huo huo Code du travail ya 2002 inamruhusu mfanyakazi asiye na kontra ya maandishi kuthibitisha kazi yake kwa njia zote. Nani atajua njia hizo? Yule aliyelipwa mkono kwa mkono: anajua kuuliza nani alikuwa anafungua depo asubuhi, nani aliandika majina kwenye kaye, ujumbe gani ulibaki kwenye simu. Na dada zetu walioolewa, mpaka mwaka 2016 Code de la famille iliwataka wawe na ruhusa ya mume ili kujifunga kwa kazi. Kuna wanawake maavoka leo ambao sheria hiyo iliwapata wakiwa watu wazima wenye diploma. Natamani mmoja wao aandike, kabla hajapata mpwa wa kumwandikia.

Filamu inaisha na Ruth mwenyewe, mzee, akipanda ngazi za Mahakama Kuu ya Marekani. Mimi ningemaliza kwa karatasi. Mwaka 1971, katika kesi ya Sally Reed, Ruth alitayarisha maandishi ya kupeleka mahakamani, na juu ya ukurasa wa kwanza akaweka majina ya Pauli Murray na Dorothy Kenyon. Hawakuwa wameyaandika. Aliyaweka kwa sababu alijua hoja zile zilitoka kwa nani.