Ziwa Lisiloelezwa: Uhakiki wa Jina la Mweru katika Orodha Rasmi za Majina ya Anga

Katika orodha rasmi ya majina ya sayari na miezi inayosimamiwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, limo jina Mweru Lacus. Limepewa ziwa dogo lililo upande wa kaskazini wa Titan, mwezi mkubwa kuliko yote inayoizunguka sayari ya Zohali. Ziwa hilo halina maji. Lina methani na etheni katika hali ya kimiminika, kwenye baridi inayokaribia nyuzi 180 chini ya sifuri, na maziwa ya aina hiyo yalitambuliwa kwa rada ya chombo cha Cassini, kilichoizunguka Zohali tangu 2004 hadi 2017. Chimbuko la jina ni ziwa la mpakani mwa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambalo wavuvi wa Nchelenge na Kashikishi huliingia usiku kutafuta chisense, dagaa wa huko. Makala haya yanalihakiki jina hilo kama matini. Yanauliza limechaguliwa kwa kanuni gani, na nini kimeachwa nje lilipochaguliwa.

Ni vyema kwanza kutenganisha taratibu mbili ambazo mijadala ya Kiswahili huzichanganya. Asteroidi, yaani miamba midogo inayolizunguka Jua, hupata kwanza namba, njia yake inapokuwa imethibitishwa. Kisha mgunduzi hupewa muda wa miaka 10 kupendekeza jina. Jina lisizidi herufi 16, litamkike, lisiudhi, lisiwe la kibiashara. Na mwanasiasa au mwanajeshi hapewi heshima hiyo mpaka miaka 100 ipite tangu kufa kwake. Muhimu zaidi kwa mtafiti wa lugha, pendekezo huambatana na maelezo mafupi ya asili ya jina, nayo huchapishwa. Sura za Titan hufuata njia nyingine. Kila aina ya umbo ina fungu lake la majina. Bahari huitwa kwa majina ya madude ya baharini ya hadithi za kale, na maziwa huitwa kwa majina ya maziwa ya Duniani, ikiwezekana yale yenye umbo linalofanana nayo. Ndiyo maana Mweru imo pamoja na Kivu, Rukwa na Chilwa. Kigezo kilichotangulizwa ni umbo la ukingo wake kwenye ramani, na wanaoishi ukingoni humo hawana nafasi katika kigezo hicho.

Upande wa asteroidi, eneo hili liliingia angani mapema kupitia mtu mmoja. Cyril Jackson, aliyefanya kazi katika kituo cha kutazamia nyota cha Johannesburg, aligundua asteroidi 72, na nyingi kati yake zina majina ya Kiafrika. Miongoni mwake zimo 1278 Kenya na 1279 Uganda za mwaka 1933, 1428 Mombasa, 1429 Pemba na 1427 Ruvuma za mwaka 1937, 1595 Tanga, na kwa upande wa Zambia, 1326 Losaka ya mwaka 1934 na 1634 Ndola ya mwaka 1935. Anayeyapanga majina hayo juu ya ramani ataona kwamba mengi yanafuata reli na bandari. Ndola, Lusaka, Kampala, Mombasa na Tanga zote ni miji iliyokuzwa na treni. Pwani ya Mweru haikufikiwa na reli.

Ni rahisi kuyaita yote hayo ukoloni wa anga na kuishia hapo. Hoja hiyo haitoshi. Asteroidi 1197 Rhodesia, iliyogunduliwa mwaka 1931, bado inaitwa Rhodesia ingawa Zambia ilijitawala mwaka 1964 na Zimbabwe mwaka 1980. Lakini jina lisilobadilika ni ushahidi pia, na mwanahistoria hatapenda lifutwe. Losaka vilevile ni hati ya sikio. Irabu ya mji uliopewa jina la jumbe wa Kilenje imeandikwa kama mgeni alivyoisikia, kisha ikagandishwa kwa kanuni. Kasoro kubwa zaidi kuliko tahajia ni ukimya kuhusu maana.

Kwa jina la Mweru ukimya huo una gharama. Inaelezwa kwamba katika lugha kadhaa za Kibantu za ukanda huo neno mweru lenyewe lina maana ya ziwa. Ziwa jirani, Mweru wa Ntipa, linathibitisha muundo huo kwa kuwa jina lake hufasiriwa kuwa ziwa la matope, nomino ikifuatwa na kibainishi chake kwa kiunganishi cha a-unganifu kama katika Kiswahili. Kwa hiyo Ziwa Mweru ni ziwa ziwa. Hali ni hiyohiyo kwa Nyasa na Nyanza, na Nyanza nayo ni asteroidi, namba 1356. Kwa kuwa lacus ni neno la Kilatini la ziwa, Mweru Lacus inarudia neno moja kwa lugha mbili, na mwandishi wa Kiswahili atakayeandika “Ziwa Mweru Lacus” atakuwa amelirudia mara ya tatu. Orodha yenyewe haimwonyi. Inataja ziwa la chimbuko na mahali lilipo, basi. Pengo hilo hujazwa na sikio la msomaji. Msomaji Mkikuyu, ambaye kwake mweru ni mweupe, ana haki ya kudhani kwamba ziwa limeitwa kwa weupe wa maji yake.

Sayansi imekwisha kulitendea ziwa hili hivyo kabla ya Titan. Livingstone, aliyelifikia mwezi Novemba 1867, aliliandika Moero, na Wabelgiji wakaishika tahajia hiyo upande wao. Matokeo yake yamo katika ndoo za wachuuzi wa samaki wa Kashikishi. Samaki aitwaye pale ana jina la kisayansi lenye sifa mweruensis, na chisense ana moeruensis. Samaki wawili wa ziwa moja wamesajiliwa kana kwamba wametoka katika maziwa mawili.

Jina linaweza kusajiliwa vizuri zaidi. Tarehe 1 Novemba 2023 chombo cha Lucy kilipita karibu na asteroidi 152830 Dinkinesh. Dinkinesh ni jina la Kiamhari la mabaki ya binadamu wa kale yajulikanayo duniani kama Lucy, na maana yake, wewe ni wa ajabu, ilisambaa pamoja na habari ya safari. Mwezi mdogo uliokutwa ukiizunguka uliitwa Selam, jina la mabaki mengine ya Ethiopia. Hapo neno la Kiafrika lilikwenda angani likiwa na tafsiri yake mkononi, kwa sababu mtu aliiweka katika maelezo.

Nani angeweka maelezo ya Mweru? Swali hili linawahusu washauri wa sera kuliko wanaastronomia. Ng'ambo ya Nchelenge, katika Kilwa na Pweto, Kiswahili cha Katanga ndicho lugha ya soko. Upande wa Zambia ni Kibemba. Zambia imo katika Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne mwaka 2019, lakini haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye Kamisheni ya Kiswahili kule Zanzibar. Ziwa moja limegawanywa na mipaka ya taasisi hata kabla jina lake halijafika angani. Hata hivyo kazi inayohitajika si kubwa: rejista moja ya majina ya mahali ya Kibantu yaliyotumika angani, yenye tahajia ya wenyeji, toni na maana, iliyohakikiwa na wasemaji wa pande zote mbili za maji, na iliyo tayari kukabidhiwa kamati husika jina jipya linapopendekezwa. Mweru wa Ntipa, kwa mfano, ikiandikwa kwa vistari ina alama 14, na inaenea ndani ya kikomo cha asteroidi.

Kwa vitabu vya shule uamuzi unaweza kufanywa sasa. Lacus isitafsiriwe wala isiambatanishwe na neno ziwa. Iandikwe “Mweru ya Titan”, na panapotajwa mara ya kwanza maana ya mweru ielezwe.