Tiba ya Mwanga na Misuli ya Mwanamichezo: Kilichopimwa na Kisichopimwa

Tiba ya mwanga, yaani kumulika mwili kwa leza hafifu au taa za LED ili kuchochea seli bila kuziunguza, ilianzia Budapest mwaka 1967, wakati daktari Endre Mester, aliyetaka kujua kama leza husababisha saratani, alipoona kwamba panya walionyolewa na kumulikwa waliota manyoya upesi kuliko wenzao. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mwanga mwekundu, pamoja na ule wa infraredi usioonekana kwa macho, hufyonzwa na kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidasi, kilichomo ndani ya mitokondria, ambamo huzalishwa ATP, molekuli inayoupa msuli nishati.

Jaribio la Ernesto Leal-Junior na wenzake wa Brazili, lililochapishwa mwaka 2008, linastahili kutazamwa kwa makini. Wachezaji 12 wa voliboli walimulikwa msuli wa mbele wa mkono kwa leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 655, kisha wakakunja mkono wakiwa wameshika uzito hadi wakachoka. Kila mmoja alipata mwanga halisi siku moja na mwanga bandia siku nyingine, pasipo yeye wala mpimaji kujua ni upi, hivyo akalinganishwa na nafsi yake. Baada ya mwanga halisi walirudia zoezi mara nyingi zaidi, ingawa kiwango cha lakteti katika damu, zao la misuli inayofanya kazi kwa nguvu, hakikutofautiana.

Huo ni ushahidi kuhusu uchovu, na wauzaji wa vifaa huuvuka haraka mno wanapodai kwamba mwanga pia huongeza unyumbufu na kuzuia majeraha. Unyumbufu wa misuli hupimwa kwa nyuzi za pembe ambayo kiungo hufikia, ilhali kinga dhidi ya majeraha haithibitiki mpaka majeraha yenyewe yahesabiwe kwa muda mrefu miongoni mwa wachezaji wengi. Ndivyo ilivyofanyika Denmark, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011: kati ya wanasoka 942, waliofanya zoezi la kupiga magoti na kujishusha mbele polepole huku mwenzao akiwashika vifundo vya miguu walipata majeraha 15 ya misuli ya nyuma ya paja, dhidi ya 52 ya kundi la pili. Klabu yenye fedha kidogo na itangulize zoezi hilo kabla ya kununua taa.