Mwendo wa Kijiko

Sumbawanga mjini, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, watu huvaa sweta. Ukishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa hadi Milepa, kwenye Bonde la Ziwa Rukwa, sweta unalivua. Huku chini mtoto anayeharisha hupoteza maji kwa kinyesi, na joto humkamua mengine kwa jasho.

Muuguzi ninayemtazama anaanza kwa macho. Mtoto yuko mapajani mwa mama yake, analialia bila utulivu, na macho yamedidimia kidogo. Anamsogezea kijiko cha maji. Mtoto anakidaka kwa pupa. Kiu hiyo ni kazi ya ubongo: umeshahisi kwamba damu inakolea chumvi, ukatoa amri ya kunywa. Kisha anaifinya ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, kwa kidole gumba na cha shahada, na kuiachia. Inarudi polepole, ila haipiti sekunde mbili. Ingepita, na mtoto akawa amelegea hawezi kunywa, ingebidi dripu, tena haraka. Huyu atakunywa.

Anampima: kilo 10. Kipimo cha ORS, maji ya chumvi na glukosi, ni mililita 75 kwa kila kilo, kwa hiyo mililita 750 ndani ya saa nne.

Ananawa mikono kwa sabuni. Anapima lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa, anamimina paketi nzima ya ORS na kukoroga hadi chini kusibaki chembe. Paketi ina gramu 20.5: glukosi 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, nyingine ni chumvi za potasiamu na sitreti. Maji yakipungua, mchanganyiko unakuwa mkali na unaweza kuyavuta maji ya mwilini yaingie utumboni. Glukosi haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Katika kuta za utumbo mdogo kuna mlango unaopitisha glukosi na sodiamu kwa pamoja, na maji huzifuata. Hata kipindupindu kinapoufanya utumbo umwage maji, mlango huo huendelea kufanya kazi.

Sasa kijiko. Kimoja, kisha dakika moja au mbili za kungoja, kisha kingine. Mama anataka kuinua kikombe. Muuguzi anamshika mkono. “Taratibu, mama. Tumbo lake linapokea kidogo kidogo.” Mtoto anatapika. Mama anashtuka, muuguzi hashtuki. Wanangoja dakika kumi, wanaanza tena, safari hii polepole zaidi. Jasho linamtiririka muuguzi usoni, lakini mkono wake haubadilishi mwendo.

Ndani ya mwili nako kuna kazi. Ziwa Rukwa lina mito inayoingia na halina hata mmoja unaotoka. Kina chake hupanda na kushuka kwa mvua na jua. Mwili hauachii mambo hivyo. Figo za mtu mzima huchuja lita 180 hivi za majimaji kwa siku, zikayarudisha karibu yote kwenye damu, zikatoa mkojo wa lita moja au mbili tu. Maji yakipungua, ubongo huachia homoni inayoziamuru figo zibane zaidi. Ndiyo maana mtoto huyu hajakojoa tangu asubuhi. Saa ya tatu ya vijiko inapokaribia kwisha, khanga ya mama inalowa. Muuguzi anatabasamu, anaandika kwenye kadi, kisha anaifinya tena ngozi. Inarudi papo hapo.

Watu huiheshimu dripu kuliko kijiko, na naona si haki. Mwaka 1971, kambini kwa wakimbizi wa Bangladesh huko Bongaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu, akaagiza wagonjwa wa kipindupindu wanyweshwe maji ya chumvi na glukosi. Vifo vilishuka kutoka takribani 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Mama anaondoka na paketi mbili na vidonge vya zinki vya siku kumi, ameagizwa aendelee kunyonyesha. Nawe msomaji, weka paketi nyumbani. Mtoto akiharisha, anza kumnywesha mapema. Akishindwa kunywa, akilegea, au kukiwa na damu kwenye choo, mpeleke kituoni saa hiyo hiyo.