Finding Nemo: Filamu Nzuri Iliyosahau Amonia

Nimeiangalia Finding Nemo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya msimamizi wa tasnifu yangu. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto Tanga, kwenye DVD ya kukodi iliyokuwa ikikwama kila Marlin alipokaribia kumpata mwanawe. Mara ya mwisho ilikuwa mwezi uliopita, hapa Bremen, nimekaa sakafuni mbele ya tangi la lita 60 lenye maji ya chumvi, vipande sita vya matumbawe na samaki wawili. Kati ya mara hizo mbili niliua samaki mmoja. Ndiyo maana naandika.

Wengi wameshaikosoa filamu hii kisayansi, na karibu wote huenda palepale: kwamba Marlin angepaswa kugeuka jike. Ni kweli. Samaki-klauni wote huanza maisha wakiwa madume, na jike wa kwenye anemoni akifa, dume wake hugeuka jike. Hans na Simone Fricke walilieleza jambo hilo mwaka 1977, miaka 26 kabla ya filamu kutoka. Sawa, tucheke, tuendelee. Hoja hiyo haijamwokoa samaki hata mmoja. Ugomvi wangu na filamu hii uko kwingine kabisa: kwenye tangi la yule daktari wa meno kule Sydney.

Kokoto kwenye chujio

Mnakumbuka mpango wa Gill. Nemo, kwa kuwa ni mdogo, aingie kwenye chujio na kuikwamisha feni yake kwa kokoto. Chujio lisimame, tangi lichafuke, daktari alazimike kuwatoa samaki wote na kuwaweka kwenye mifuko ya plastiki ili alisafishe. Mifuko iko karibu na dirisha, dirisha liko karibu na bandari. Jaribio la kwanza nusura limuue Nemo. La pili linafaulu, na muda si mrefu kioo chote kimekuwa kijani kwa mwani. Hata Jacques, yule kamba msafishaji, anakatazwa kusafisha, na maskini anashindwa kujizuia.

Ni sehemu ya kuchekesha, na imepangwa vizuri kama wizi wa benki. Tatizo ni kwamba katika tangi la kweli wezi wote wangekufa kabla benki haijafunguliwa.

Samaki hutoa amonia mchana na usiku, sehemu kubwa kupitia matamvua. Chakula kilichobaki na kinyesi nacho vikioza hutoa amonia zaidi. Baharini haina neno, maji ni mengi. Ndani ya kioo, wanaobeba kazi hiyo ni bakteria: kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni hatari, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Bakteria hao hawaelei ovyo. Wanashika kwenye sehemu ngumu na wanahitaji maji yenye oksijeni yapite juu yao muda wote.

Sasa litazame tena tangi la filamu. Mapambo yake ni ya plastiki, ule mlima wa volkano ukiwemo. Bakteria wengi wa tangi la namna hiyo makazi yao ni kwenye chujio. Ukilizima chujio, umewazima wao. Oksijeni inashuka, amonia inapanda, na wakati huo wote maji yanaweza kuwa maangavu kama ya kunywa. Samaki wangekuwa juu wanahema muda mrefu kabla kioo hakijawa kijani.

Na maji ya bahari yana ubaya wake wa ziada. Amonia majini ina sura mbili: amoniamu, yenye chaji ya umeme na madhara madogo, na amonia yenyewe, ambayo hupenya matamvua kirahisi. Jinsi pH inavyopanda ndivyo sehemu yenye sumu inavyoongezeka. Mto au bwawa linaweza kuwa na pH ya 7. Bahari iko kwenye 8.1 hivi. Kiasi kilekile cha uchafu, sumu zaidi.

Maji yangu yalikuwa yanang'aa

Haya yote niliyajua darasani. Nilikuwa nimeyafanyia mtihani na kupata A.

Tangi nililinunua kwa mwanafunzi aliyekuwa anahama. Nikanunua chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, gramu 35 na kidogo kwa kila lita, nikakoroga kwenye ndoo jikoni. Nilimpigia mama simu nikamwonyesha. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaitazama ile ndoo, kimya. Halafu: "Yaani mwanangu, bahari iko nyuma ya nyumba yetu, wewe umepanda ndege ukanunue chumvi ya kuipika?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Siku ya kumi na nane maji yalikuwa safi kiasi kwamba mgeni mmoja aliuliza kama kuna maji kweli. Nilienda duka moja la samaki na picha kwenye simu. Muuzaji akaitazama sekunde mbili: maji yanang'aa, weka tu. Nami, mwenye A yangu, nikasahau kwamba amonia haina rangi. Nikanunua samaki-klauni wawili wadogo waliozalishwa kwenye matangi, nikarudi nao kwenye tramu, mfuko nimeuficha ndani ya koti kwa sababu ya baridi.

Siku ya nne mmoja alikuwa amelala kwenye mchanga. Matamvua yalikuwa mekundu. Ndipo nikapima, na kile kichupa ambacho kilitakiwa kubaki njano kiligeuka kijani. Usiku ule nilibadilisha nusu ya maji, kesho yake tena, keshokutwa tena, huku yule aliyebaki akinitazama kutoka kona ya juu. Alipona. Naomba nisiulizwe kwa nini nilihitaji kupima baada ya kifo badala ya kabla.

Nilipoiangalia filamu tena baada ya hapo, ile sehemu ya mwani haikunichekesha. Inafundisha kosa lilelile nililolifanya: kwamba hatari ya tangi ni ile unayoiona. Kijani ni kibaya, maangavu ni mazuri. Hata mashine mpya ya kusafisha inayoletwa kuwakomesha, AquaScum, inapima kila kitu kwa miale na kutangaza joto na pH. Amonia haiitaji. Mashine ya ndotoni, na bado imesahau kipimo cha kwanza ambacho mtu mwenye tangi jipya anatakiwa kukijua!

Utasema: acha hizo, hii ni katuni ya watoto, na kitu kisichoonekana utakichoraje? Lakini hawa ni watu walewale walioweza kuuchora Mkondo wa Australia Mashariki. Mkondo wa bahari hauonekani kwa macho, nao wakaufanya barabara kuu yenye kasa wanaoteleza, na tangu hapo watoto wa dunia nzima wanajua bahari ina njia zake. Ni moja ya kazi bora za kuelezea sayansi nilizowahi kuona kwenye skrini. Uwezo walikuwa nao. Kwenye tangi hawakuutumia.

Kile ambacho filamu haikukiona

Kinachoniuma zaidi si kosa la kemia. Ni furaha iliyoachwa nje.

Tangi la filamu ni jela, na kila kilichomo ni mfungwa au mlinzi. Lakini tangi dogo la matumbawe likishakomaa huwa ni kitu kingine. Hapa Ujerumani ndiko ilikokuzwa njia inayoitwa ya Berlin: badala ya kutegemea sanduku la chujio, unaweka mawe ya miamba yenye vitundu vingi, pampu za kusukuma maji kwa nguvu, taa kali na mashine ya kutoa uchafu kwa povu. Jiwe lenyewe ndilo linakuwa chujio, kwa sababu bakteria wanajaa hadi ndani ya vitundu vyake. Tangi la namna hii Gill angelizibia kokoto wapi?

Mawe yangu nilipewa na mzee mmoja anayefuga matumbawe, kutoka tangi lake la miaka mingi. Baada ya kile kifo nilisubiri wiki sita bila kuongeza kitu. Wiki ya tatu kila kitu kilifunikwa na utando wa kahawia wa diatomu, nikadhani nimeharibu tena. Ukapita. Kisha usiku mmoja nilimulika kwa tochi, taa zimezimwa, nikaona kioo kizima kinatembea: vijidudu vyeupe, jamaa wadogo wa kamba, mamia. Hakuna aliyeviweka. Na katikati yao kulikuwa na kiti cha pweza mdogo kuliko punje ya mchele. Tanga tulikuwa tunaokota viti vya pweza vikubwa kama sahani, bamvua likitoka, bila hata kuvitazama mara mbili. Huyu mmoja nilimtazama saa nzima.

Tumbawe la kwanza, laini, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, lilikaa siku tano limejifunga. Siku ya sita nilirudi kutoka maabara nikakuta limefunguka lote. Ndani ya tishu zake mnaishi mwani wa seli moja unaolipikia chakula kwa mwanga, na lenyewe linaupa makazi. Nilikuwa nimeshaandika kurasa 40 kuhusu ushirika huo. Sikuwahi kuuona ukiamua kuniamini.

Lita 60 hazina msamaha, lakini. Nilisafiri siku tatu, maji yakapungua kwa mvuke. Mvuke hauondoki na chumvi, kwa hiyo maji yaliyobaki yakawa makali na matumbawe yakajifunga yote. Tangu hapo najazia maji baridi yasiyo na chumvi kila asubuhi, kabla ya chai. Mara nyingine mwenzangu wa nyumba alichomoa plagi ya pampu ili achaji kompyuta. Tuligundua baada ya saa nne, na kwa sababu ya yale mawe hakufa mtu. Ningekuwa na tangi la daktari wa meno, nisingependa kuhesabu.

Mifuko bandarini

Kuna tuhuma moja ambayo siwezi kuibeba dhidi ya filamu: kwamba iliwafanya watu wanyang'anye samaki baharini. Hadithi hiyo imeenea sana, lakini Thane Militz na Simon Foale walipoichunguza mwaka 2017 walikuta ushahidi wake ni mdogo. Diogo Veríssimo na wenzake wakafanya hivyo kwa Finding Dory ya 2016: watu waliongeza kumtafuta Dory mtandaoni, ila uagizaji wa kangaja wa bluu nchini Marekani haukuonyesha kupanda kwa sababu ya filamu. Samaki-klauni huzalishwa kwenye matangi kwa wingi. Kangaja huyo ni mgumu, na kumkuza kutoka yai kulifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka huohuo wa 2016, Florida.

Nina neno zaidi kuhusu wazo kwamba dawa ya kioo ni kumrudisha samaki majini, maji yoyote. Wale wafungwa hawana kwao pamoja. Gurgle ni samaki wa Karibiani, Bubbles ni kangaja wa njano ambaye wengi wake wako Hawaii. Bandari ya Sydney si nyumbani kwao. Na samaki wa kigeni akistawi asikotoka, mambo huwa mabaya: yule samaki-simba wa Bahari ya Hindi na Pasifiki ameonekana Florida tangu 1985, na leo anakula samaki wadogo wa Karibiani kote. Ukichoka na tangi lako, mpe mtu samaki. Usimmwage.

Hata hivyo picha ya mwisho ya filamu nairudia kila mara. Samaki wamefaulu kutoroka, wanaelea bandarini, kila mmoja ndani ya mfuko wake uliofungwa, na hawajui wafanye nini. Hapo waandishi waliona kitu cha kweli: maji yaliyofungwa yanabaki maji yaliyofungwa, na kila pumzi anayoitoa samaki inabaki humo pamoja naye. Laiti wangekiona dakika arobaini mapema, pale kwenye chujio.

Kwa hiyo iangalieni tena, na watoto wakiwepo. Mkifika kwenye ile sehemu ya mwani, simamisheni, muwaambie habari za bakteria. Na kama kuna anayetaka kuanza tangi lake, kichupa cha kupimia amonia kiwe kitu cha kwanza kununua, samaki awe wa mwisho. Wangu aliyepona sasa ana mwenzake mdogo tangu Mei. Ameshaanza kumfukuza kwenye kona yake, jambo ambalo kwa samaki-klauni lina maana moja: anaelekea kuwa jike. Nadhani nitamwita Marlin.