Menengai Haitoshi Mezani

Nimejenga Menengai kwa keja yangu, juu ya meza. Kuta ni zile stairofomu zinazokinga friji mpya ndani ya katoni. Duka moja la mtaani lilikuwa linazitupa. Nikapaka gundi nyeupe, nikamwaga mchanga, nikamaliza na rangi ya kahawia. Wiki tatu. Niliacha chuo, kwa hivyo wiki ninazo.

Kilichonisukuma ni hasira. Michezo ya vita ya mezani ina tawi zima la Afrika ya karne ya 19. Kampuni moja ya Uingereza, Wargames Foundry, huuza vijisanamu vyake vya tawi hilo kwa jina Darkest Africa. Picha nyingi za meza nilizoona zinafanana: nyasi za plastiki, minazi, vibanda vinne, basi. Na sheria nyingi za michezo hii huhesabu kichaka kuwa ardhi ngumu. Ukiingia, mwendo wako unapungua nusu. Ngumu kwa nani? Aliyechunga mifugo hapo tangu utotoni hapungui mwendo. Meza hiyo imejengwa kwa macho ya mgeni anayepita na wapagazi wake.

Basi nikachagua vita visivyo na mgeni. Wamaasai husimulia kwamba hapa Menengai, karne hiyo hiyo, Ilpurko waliwashinda Ilaikipiak na kuwasukuma morani wao ndani ya shimo.

Hapo hesabu ikanishika koo. Vijisanamu vya milimita 28 ni kama skeli ya 1 kwa 60. Ukuta wa kreta, unaofika karibu mita 300 mahali pengine, ungehitaji mita 5: ningetoboa dari nikamsalimie jirani wa juu. Kreta yote, kama kilomita 12 kwa urefu, ingekula mita 200. Ukuta wangu una sentimita 30, yaani mita 18, ploti ya ghorofa sita. Kila meza lazima idanganye. Swali ni inaficha nini.

Jibu nilipewa na beshte yangu Mmaasai. Alizunguka meza pole pole, akasifu rangi, halafu akauliza, "Na ng'ombe wako wapi, buda?"

Sikuwa na hata mmoja. Nilijenga mahali pa kufia, nikasahau malisho na maji, vitu ambavyo watu walipigania. Kosa lile lile nililowacheka nalo wale wa minazi. Langu tu lina jina la nyumbani.

Kwa hivyo siku hizi nikiangalia meza ya mtu, sianzi na miamba kama imetoka poa. Naangalia kwanza kama kuna mtu angeweza kuishi pale kabla vita kuanza. Nyingi zinafeli, na yangu ilifeli pia.

Nimekata robo ya kreta nipate nafasi ya malisho. Ng'ombe wa udongo nimefinyanga 11 mpaka sasa. Pembe ndizo zinanisumbua, zinavunjika kabla hazijakauka.