Leza kati ya vilima: kutoka kioo hadi chipu

Ukisimama kwenye kilima cha Rebero, Kigali, unakiona waziwazi kile cha Kacyiru. Lakini kebo ya intaneti ya kuunganisha vilima hivyo sharti iteremke bondeni, ipite chini ya barabara, kisha ipande tena. Mji wa namna hii unafaa mwale wa leza unaopita hewani. Kazi ni kuulenga.

Mfano uko kwenye mto Congo. Mwaka 2021 mradi wa Taara wa kampuni ya Alphabet, kwa ushirikiano na kampuni ya mawasiliano ya Liquid Intelligent Technologies, uliunganisha Brazzaville na Kinshasa. Miji hiyo inatazamana ng'ambo kwa ng'ambo, na leza ilivuka kilomita 4.8 tu, ilhali kebo huzunguka zaidi ya kilomita 400. Kwa siku 20 zilipita karibu terabaiti 700 za data, kwa kasi ya hadi gigabiti 20 kwa sekunde.

Siri ilikuwa vioo. Mwale ni mwembamba, na mnara hutikiswa na upepo. Kwa hiyo sensa hupima mwanga unaopokelewa, programu hukokotoa umepotoka kiasi gani, na vioo husogezwa papo hapo mpaka mwale urudi kwenye shabaha. Ubaya wake ni kwamba sehemu zinazosogea huongeza ukubwa, gharama na matengenezo.

Ndiyo maana Februari 2025 Taara ilionyesha chipu ya silikoni yenye ukubwa wa ukucha, isiyo na kioo kinachosogea. Ina mamia ya vitoa-mwanga, na programu huchelewesha wimbi la kila kimoja kwa kiasi chake. Ni kama gwaride linapopiga kona: wa ndani wakifupisha hatua, mstari mzima hugeuka, na mwale vivyo hivyo. Katika majaribio ya nje, chipu ilirusha gigabiti 10 kwa sekunde kwa umbali wa kilomita 1.

Hata hivyo, vioo havijapitwa na wakati. Katika vituo vyake vya data, Google hutumia vioo vidogo mno, vinavyoinamishwa kwa umeme, kuhamisha mwanga kutoka uzi mmoja wa kebo hadi mwingine.

Kwa masafa ya kilima hadi kilima, leo kioo bado kinaongoza. Chipu inaahidi bei nafuu. Lakini ukungu mzito huvishinda vyote viwili. Anayepanga mtandao wa Kigali aanze kwa kupima ukungu wa asubuhi, aweke njia mbadala ya redio au kebo, ndipo achague mtambo.